Msumari wa Boma la Kisumu

Januari tarishi Ogweno alimshusha mwenye ndevu,
akampangusa vumbi, akamlaza kabatini
kifudifudi.

Mrithi alikuja kwa meli, kisha kwa gari moshi;
kioo kikapasuka kabla ya Nakuru.
Fundi Jivraj alikuwa bado anakata kingine
simu ya upepo ilipofika: mfalme ameacha kiti
kwa ajili ya mwanamke.
Ogweno akacheka hadi akashika meza.
Kwetu angejenga tu nyumba ya pili,
ailipie kodi.

Wa tatu yuko njiani, walisema.
Ukutani pakabaki mraba mweupe na msumari.
Foleni ya kodi haikukatika.
Wazee wa Seme waliuvulia msumari kofia,
wakahesabu shilingi kumi na mbili,
kila moja na sura ya yule wa kabatini.