Kalibu ya Mitutu Mitatu

Hakuja na bunduki. Alikuja na kibiriti
kilichokwisha njiti, amekifunga kwa mpira,
akakiweka juu ya mashine yangu ya kukereza
pale Kariobangi, mlango wa nne kutoka kwa wachomelea mageti.
"Bunduki zina kabati, na kabati lina sheria,"
alisema Bwana Jaswant. "Nimekuletea makoo yake."

Ndani, vipande vitatu vya risasi laini.
Kila kimoja kilisukumwa kwa ufito mtutuni, polepole,
kikatokea upande wa pili kimevaa mistari ya njia.
Kila kimoja na karatasi yake, mwandiko wa kuinamia kushoto:
Bastola ya klabu. Ya mtutu mrefu.
Ya tatu haikuandikwa.

Lugha yetu haikujisumbua. Madini ni risasi,
na kinachoua ni risasi,
kama mtu aliyeuona mwisho wa safari mapema
akaona jina moja litatosha.

Mimi husubu masikio ya sufuria, vipini vya majiko.
Usiku nimewahi kuisikia risasi ile nyingine
ikipita juu ya mabati,
nikahesabu watoto gizani kwa miguu yao, wote wanne.
Kwa hiyo nilimwuliza: za nini?
"Karatasi. Jumamosi. Karatasi yenye miduara."
Akatandaza vyeti na mihuri kabla sijamaliza kumtazama.

Syombua akapita na birika. "Kalibu!"
Husema hivyo kwa kila mtu; ulimi wa kwetu hauna subira na ra.
Bwana Jaswant akageuka, akidhani ameulizwa kuhusu chuma.
"Bado tunachagua," akamjibu.

Nikashika maikromita.
Vyeti vinasema namba moja, thelathini na nane, bila aibu.
Risasi zinasema vingine.
Ya klabu imebana kama kiatu kipya cha shule.
Ya mtutu mrefu imezidi unywele.
Ile isiyo na jina, nywele mbili, karibu tatu.

Nikamwambia alichokijua:
risasi nene hupunguzwa, nyembamba hainenepi.
Mama alifuma sweta zetu sita kwa kipimo cha Wambua,
mwenye mabega; sisi wengine tulikunjwa mikono.
Ukikata kwa mtutu uliobana, ule mpana utavuja moshi
na njia yake itapakaa utando wa kijivu.
Na pua? Nikachora kwa chaki: bapa.
Mtutu mrefu hupanga risasi foleni ndani ya bomba,
pua ya huyu mgongoni mwa yule.
Zikiwa na ncha, siku moja foleni itasukumana.
Alicheka. "Kama benki mwisho wa mwezi."

"Basi mbili hizi zinaelewana," nikasema.
"Hii ya tatu ndiyo inayotutoa njiani. Ya nani?"

Aliinyoosha karatasi tupu kwa kidole gumba.
Ya baba. Aliirudisha mwenyewe kituoni
wiki moja baada ya kuuwasha moto wa mzee,
akapewa stakabadhi.
"Haipo, Fundi Mumbe. Labda ilichomwa pamoja na nyingine.
Niliisukuma hiyo usiku wa mwisho, sijui kwa nini."

Nikamweleza hesabu, maana hesabu ni kazi yangu:
kila risasi itazaliwa nene bure,
kisha uipitishe kwenye pete, uikonde, moja moja,
mamia kwa mamia,
kwa heshima ya mtutu usiokuwepo.
"Jumamosi ni ndefu," akasema. "Kata kwa hiyo."

Nikakata. Vipande viwili vya chuma
vikikutana, hata mwanga hauombi njia.
Alimimina yeye. Ya kwanza ilitoka na makunyanzi, kalibu bado baridi.
Ya pili, nusu pua.
Ya nne ikaanguka juu ya kitambaa inang'aa,
akaisubiri ipoe, akaipima, akaipima tena,
miwani imepanda kwenye kilemba.

Siku hizi hupita kunilipa kidogo kidogo.
Nyingine zote, aniambia, amezikondesha.
Ile ya nne imo kwenye kibiriti,
na karatasi bado haijaandikwa.