Kofi la Nne

Tourcoing, Novemba, mvua inakwaruza vioo vya shule.
Bi Vandewalle anasema: pigeni makofi,
kila silabi na kofi lake.
*Elles chantent.*
Darasa zima linapiga mawili, pa, pa,
kama mlango uliofungwa ukafungwa tena.
Clélie anapiga manne.

E-le-shan-te.
Ndivyo Babu Fulcran anavyotamka kule Lodève
akipogoa mizabibu; matawi huyatupa, maneno hayatupi,
irabu ya mwisho huiokota
kama mtu aliyewahi kuijua njaa anavyookota punje.

Wanacheka. Baudouin, dawati la nyuma,
anaongeza la tano kwa kejeli.
Bi Vandewalle hacheki. Anaandika ubaoni *chan-tent*,
anazipigia mstari herufi tatu za mkiani:
hizi ni za jicho, sikio halina hisa.
Zimekuja, zimeketi, hazitasema.
Kisha, akijifuta chaki, karibu na sikio la Clélie:
katika mashairi ya zamani *e* hiyo ilihesabiwa.
Wenye mizani walikuwa upande wa babu yako.

Lakini daftari la vitenzi halina mashairi, lina wino mwekundu.
*Nous mangeons*: *e* ya katikati haitamkwi,
imewekwa kuilainisha *g* isije ikakwaruza koo.
*Nous criions*: *i* mbili zimebanana kitanda kimoja,
ukiisahau moja, kelele ya jana inageuka ya leo.
Anajifunza kumeza.
Kufikia Januari anapiga mawili kama wengine,
na Jumapili babu anauliza kwenye simu:
nani huyo anayekukata maneno mikia?

Februari babu analazwa.
Baba anapanda treni ya alfajiri kwenda kusini.
Siku ya tatu simu inalia jikoni.
Mama anasikiliza, mgongo kwetu, maji yanachemka,
anakata, analiambia dirisha:
*il rentre ce soir.*
Au ni *ils rentrent*?
Baba peke yake, au na mzee wake?
Pa, pa. Makofi yaleyale.

Nami ninayesimulia kwa Kiswahili nimekwama hapa.
Lugha yangu hainipi pa kujificha:
silabi ya kwanza tu, a- au wa-,
nimeshakwambia nani yu hai.

Clélie haulizi.
Anafungua kabati, anapanga sahani:
ya mama, yake, ya baba,
anasita, anashusha ya nne.
Halafu penseli. Anaandika *ils rentrent*,
*n* na *t* anazikandamiza mpaka karatasi inatoboka,
anaisoma kwa sauti, kwa kinywa cha Lodève,
na pale pa *e* anaipiga meza kofi
hadi vijiko vinaruka.

Mama anageuka.