Mtungi wa Herminia

Mikalitusi ile ni yangu. Niseme mapema,
msije mkadhani nasimulia ya mwenzangu.
Baba aliipanda mwaka ule kiwanda cha karatasi
kilipolipa taslimu, akaisogeza
hadi hatua tatu kutoka ukuta wa jirani.
Hatua tatu. Mimi ndiye niliyeshika kamba.

Ng'ambo ya ukuta ni bustani ya Herminia:
vitunguu, maharagwe, kabichi za huku kwetu Ureno
zenye mabua marefu kama miguu ya korongo.
Mwaka wa kumi udongo wake ukawa majivu.
Ukiuchota, unakuponyoka
kama siri mdomoni mwa mlevi.
Majani yetu yalinukia dawa ya kifua,
na chini yake hapakukaa hata nyungunyungu.

Hakuja kugomba. Alishika sururu,
akachimba mtaro wa kina cha kiuno chake,
akakata mizizi yetu, mmoja mnene kama mkono wangu,
akakinga kwa mabati chakavu,
kisha akaulisha udongo kama anayeuguza mtu:
samadi ya mbuzi ya mwaka jana, iliyokwisha kupoa,
makapi ya zabibu kutoka pipa la shemeji yake,
makangaga aliyoyakata mlimani na kuyabeba kichwani,
na sufu chafu ya kondoo isiyo na mnunuzi,
tabaka nene chini ya maharagwe.
"Udongo haulali uchi," alisema.
Hakuniambia mimi. Alikuwa akizungumza na jembe.

Julai maji ya kijiji huja kwa zamu.
Alizika mtungi wa kufinyangwa, shingo tu ikabaki nje,
akaujaza alfajiri, akaufunika kwa kigae.
Mtungi ukatoka jasho polepole, usiku na mchana,
vitunguu vikanenepa kuuzunguka
kama watoto kwenye sinia moja.

Oktoba aliniita,
mara ya kwanza tangu tumzike Baba.
Alikuwa ameufukua mtungi. Ulikuwa umeota nywele:
vijizizi vyekundu, vyembamba kuliko uzi,
vimepita chini ya mabati,
vimeukumbatia pande zote, vinakunywa.
Nilitafuta neno la radhi, nikapata kikohozi.
"Umri wote huo, na bado unanyonya,"
aliuambia mti,
akavikata kwa kisu cha mkate, bila hasira.

Siku ya soko nilinunua msumeno.
Miti minne ya mbele imelala.
Mingine bado ina deni la benki.
Visiki vinachipua; mkalitusi hausikii talaka,
na kila Jumamosi naenda na panga.
Majani nayarundika mbali, miaka miwili,
hadi yawe meusi na kuisha ukali,
ndipo nampelekea kwa toroli. Naliacha langoni.
Hasemi asante.

Jana nililikuta toroli limerudi.
Ndani, chini ya gunia bichi,
kitunguu kimoja na mizizi yake,
na kwenye mizizi, bonge la udongo mweusi.
Nilikitikisa. Nikakitikisa tena.
Haukudondoka.