Kengele Iko Chini

Mlinzi amenivika kofia ya plastiki,
ya njano, ina jasho la mgeni wa jana.
"Hapa hata askofu anavaa," akasema,
nikainama mlangoni kama aliyepiga goti.

Mabenchi yametolewa, yamelala barazani, miguu juu.
Mtakatifu Yosefu amefungwa nailoni,
ameachiwa tundu puani, sijui ni huruma ya nani.
Mbayuwayu wanapita lilipokuwa paa,
na Kibo, leo ameamua kujifunua,
anachungulia altareni, hajavua kofia.

Kengele iko chini.
Miaka yote naisikia, sijawahi kuigusa.
Kumbe ni fupi, inanifika kiunoni,
na kivulini mwake kuku wa padri ametaga mayai matatu.

Fundi Proti Temba hana haraka.
Kila jiwe analoling'oa analiandika namba kwa chaki,
analilaza juu ya majani ya migomba,
lisije likarudi mahali pa jirani yake.
"Jiwe lina uso," ananiambia. "Ukiligeuza, linavuja."

Nikamwuliza lipi la bibi yangu,
Gaudensia, aliyekuwa akipanda kutoka mtoni
kila Jumamosi, jiwe kichwani:
jiwe kwanza, kitubio baadaye,
asiye nalo alirudi nyumbani na dhambi zake.
Alikufa hajanionyesha lake.
Alisema tu lilikuwa zito kuliko kosa.

Fundi akafuta mwiko kwenye suruali.
Hakucheka. Akaniongoza hadi ukuta wa kaskazini,
chokaa ya zamani ilipobanduka:
mistari ya mkaa, minne minne, wa tano ukiikata.
Mtu alihesabu kitu, siku, ndoo, au deni,
akafika thelathini na saba, akaacha.
Jina hakuna.
"Kamati inataka nipige lipu kabla ya Pasaka.
Nawaambia mchanga haujafika."
Nyuma yake mchanga ulirundikana, mrefu kuliko sisi wawili.

Nikamshikia timazi akipima.
Uzi ukayumba, ukatulia:
ukuta umeinama kidogo, upande wa mtoni.
"Huu tutauacha hivyo," akasema.
"Ulijengwa na waliochoka."

Nikitoka, kidole kikaenda chenyewe
kwenye bakuli la maji ya baraka.
Kavu. Nikajifanyia ishara kwa vumbi la chokaa.

Mjini Moshi, karibu na stendi, muuza vocha akanikazia macho:
"Dada, Jumatano ya Majivu si ilishapita?"
Nikajifuta.
Si lote.