Gogo Ambalo Baba Hakulichoma

Usiitafute kwa majani. Haina.
Ndivyo Obdulia alivyoniambia siku ya kwanza,
maji ya kinamasi yakitufika magotini,
mbu wakitusoma shingo herufi kwa herufi.
Tafuta mizizi, akasema. Tafuta kitu
ambacho ungekipita.

Nilikuwa nimekipita miaka ishirini.
Mimi ni binti wa mchoma makaa wa Guanahacabibes,
magharibi kabisa, Kuba inapochongoka na kwisha.
Nimekulia ndani ya moshi wa tanuri la Leovigildo,
na mizizi ile ya kijivu, imebandikwa gomeni
kama tambi zilizorushwa ukutani na mtoto mtundu,
baba aliikwangua kwa panga:
gogo chafu, makaa machafu.

Sasa nalipwa kuihesabu.

Okidi-mzuka. Shina lake halizidi ukucha.
Majani iliyaacha huko nyuma, zamani za zamani,
kazi ya jani ikakabidhiwa mzizi.
Mzizi ndio unaokula jua.
Mzizi ndio unaokunywa: ngozi yake sponji,
ikikauka ni fedha, ikinyeshewa
kijani kinapanda toka ndani
kama damu usoni mwa aliyetajwa jina.
Na vile vistari vyeupe, humo hupumulia.
Hainyonyi mti. Hili naliandika kwa herufi kubwa
maana kila mgeni huuliza.
Ni mpangaji anayejipikia;
kwa mwenye nyumba haombi hata chumvi.

Julai hutoa ua, mara nyingi moja tu,
jeupe, likielea pasipo kushikwa na kitu unachokiona,
mdomo umegawanyika mikia miwili iliyosokotwa.
Chura, alisema baba,
chura aliyeruka akasahau kutua.
Nyuma yake mrija, mrefu kuliko kidole changu cha kati,
na asali chini kabisa, tone.
Nondo mwenye ulimi wa kufika huko
sharti aje usiku, na awe ametoka
kwenye ua jingine kama hili,
na jingine liko kilomita tatu.
Hesabu hiyo nimeirudia mara nyingi.
Haijawahi kunifurahisha.

Kimbunga kilipopita, mti nambari sitini na moja ulilala.
Baba, mwenye kibali cha miti iliyoanguka,
aliukata vipande kumi na vinne, akapanga tanuri,
akafunika nyasi, akafunika udongo,
na kipande kimoja akakiacha nje.
Sikumwomba. Nilikuwa Sandino nikitafuta betri.
Nilikuta gogo linaning'inia kwa waya chini ya paa,
upande wa pipa la maji,
naye anavuta sigara, hanitazami.
"Lina uchafu wako," akasema.

Miaka sita. Kila asubuhi aliipulizia maji kwa kinywa,
maji safi, alisisitiza, baada ya kusukutua.
Mwaka wa saba, chura.

Umeme ulikuwa umekatika mtaa mzima.
Tuliketi gizani na harufu ile,
tofaa, sabuni, kitu cha tatu kisicho na jina.
Baba alilala kwanza. Kisha mimi.
Wiki mbili baadaye ua likanyauka,
na nyuma yake tumba likaanza kuvimba.
Nani alikuja? Sisi tulilala.

Tumba lilipasuka baba akiwa amesimama chini yake.
Mbegu elfu na elfu, laini kuliko majivu,
wala hata moja haina posho ya siku moja;
bila kuvu fulani wa gomeni wa kuilisha
mbegu hufa kabla ya kuwa kitu.
Nilishawahi kumweleza. Sikudhani alisikia.

Kofia yake ilijaa. Mkono ukapanda kuipangusa,
mkono wa miaka hamsini ya vumbi jeusi,
ukabaki hapo hapo, hewani.
Akauteremsha.
Akaondoka kuelekea kinamasini na kofia kichwani,
shingo imenyooka, hatua ndogo ndogo,
kama mtu aliyebeba bakuli la supu.

Upepo ulimkuta kabla ya daraja.
Alisimama, akavua kofia, akachungulia ndani,
akaivaa tena,
akaendelea.