Kata

Kazini kwetu Tallinn, ghorofa ya sita,
tulikuwa na jedwali la uzito:
tabasamu, moja;
jibu, tano;
jibu lililoandikwa kabla dakika haijaisha,
vidole vikitetemeka, chai ikipoa,
kumi na mbili.

Hiyo kumi na mbili ni yangu.
Niliiandika Jumanne, kati ya mkutano na supu ya njegere.
Hakuna aliyenishika mkono. Walipiga makofi.

Mama yangu, Helve, anaishi Pajusoo,
mji wa watu elfu mbili na sauna moja ya umma,
ya matofali: Ijumaa wanawake, Jumamosi wanaume.
Baraza lilitaka kuiuza.
Mama akauliza mtandaoni,
kwa adabu ya mwalimu wa hesabu aliyestaafu:
Kuni za mwaka mzima zinagharimu kiasi gani?
Anayejua atuambie.

Arvo wa ghala la kuni alijua.
Akajibu usiku uleule, tarakimu kwa tarakimu,
risiti akaipiga picha juu ya kitambaa cha meza.
Tabasamu tatu.
Tatu mara moja, tatu.
Jibu likazama.

Kisha mtu fulani, wala si wa Pajusoo,
akaandika kwamba wanaoitaka sauna ni wazee
wanaojikausha kwa kodi ya vijana.
Debe tupu huvuma, hilo tunalijua tangu zamani;
ila zamani lilivuma pale lilipoangukia.
Mimi nililibeba nyumba kwa nyumba,
nikaligonga kando ya kila mto wa kulalia.

Hatukutunga neno hata moja.
Tulipanga foleni tu.

Arvo naye akakasirika, akamjibu nani sijui,
sentensi moja ya saa sita usiku
ambayo asubuhi aliifuta.
Hiyo ndiyo mama aliyoonyeshwa.
Arvo akaonyeshwa ya mama.
(Sikujua mama analijua neno lile.)
Yule Arvo aliyemletea kuni majira kumi na tisa ya baridi,
akampangia mwenyewe ukutani,
magome yakitazama juu ili theluji isipenye!

Februari nilikwenda nyumbani.
Kuni zilikuwa zimemwagwa uani na kijana wa kampuni,
mbichi, zimelala ovyo kama watu waliogombana.

Ijumaa tukaenda sauna.
Tulikuwa watatu: mama, mimi,
na Leida mwenye goti la chuma, ubao wa chini.
Kule kuna sheria moja, haijaandikwa popote:
mwenye kata huuliza kwanza.
Niongeze?
Mmoja akisema basi, basi,
kata inarudi ndooni, hata kama wengine kumi wanatetemeka.
Niliishika. Ya mbao, mpini umelainishwa na mikono
ambayo mingi yake imeshazikwa.
Niongeze?
"Bado," alisema Leida. "Nipe nipumue."
Nikairudisha.

Mama akafuta jasho, akauliza kazi yangu ni nini hasa;
miaka minne, hajawahi kuelewa.
Nikatazama mawe.
Badala ya kumjibu nikamwambia:
"Yuro elfu tisa mia nne na ishirini."
"Nini?"
"Kuni. Za mwaka mzima."

Midomo yake ikacheza kidogo, ikigawanya.
"Yuro nne na senti sabini na moja," alisema,
"kila mtu. Kwa mwaka."
"Mkate mmoja na nusu," alisema Leida kutoka chini.

Kimya. Jiko likapasua gogo.
"Umeyapata wapi?"
"Arvo. Alikujibu, mama. Usiku uleule."
"Hakunijibu."
"Alikujibu."

Aliniangalia kama anavyoangalia hesabu
ambayo jibu ni sahihi na njia ni ya wizi.
Kisha akainama, akaichota kata ikajaa,
akaimwaga juu ya mawe
bila kumuuliza mtu.