Mkanda wa Watasema

Kabla hatujatoka Tabora mjini nimekagua mara tatu:
dizeli, maji, godoro nyuma ya viti,
sufuria zimefungwa zisigombane njiani.
Halafu wewe, Watasema.

Mkanda wako ni tyubu ya baiskeli.
Kalunde aliikata, akaishona kwa uzi wa viatu,
inapita kifuani, si shingoni.
Shingoni tulijifunza
kwa yule aliyekutangulia, kona ya Tutuo:
breki moja tu,
na dirisha lilikuwa wazi kwa ajili ya joto.

Jina lake hatulitaji gari likiwa linatembea.

Unanitazama kama nimekuuza.
Nje miombo inapita, nawe unaisoma kwa pua:
ngedere, mabani ya tumbaku, nta ya mizinga ya watu.
Kila tuta unalia kidogo.
Lia tu, bwana. Anayelia yupo.

Ipole nitakufungua, ukojolee gurudumu unalolitaka,
ulale miguuni petu hadi asubuhi.

Natia ufunguo.
Kalunde hasemi kitu, ananyoosha kidole tu
kwenye mkanda wangu mimi,
umening'inia mlangoni, na vumbi lake la miaka mitatu.